Taa ya Injini Ikirudi, Angalia Imerudi Lini

Wenye magari ya zamani tuna tabia moja inayotumalizia pesa. Taa ya cheki injini ikiwaka, tunakimbilia kuifuta. Fundi anachomeka mashine, anasoma namba, anataja sensa. Sensa inanunuliwa, namba inafutwa, taa inazima, kila mtu anafurahi. Wiki ya pili imewaka tena, na safari hii inatajwa sensa nyingine. Baada ya miezi michache gari limeshavishwa spea za thamani ya kodi ya nyumba, na ile taa ya njano bado iko palepale kwenye dashibodi.

Ninaandika kwa ajili ya mwenye gari la namna hiyo: Vitz, IST, Raum, Premio, Noah, X-Trail, gari la petroli la mwanzoni mwa miaka ya 2000 lililotumika Japani kwanza kisha likaja kufanya kazi huku kwetu. Neno langu kuu ni hili: taa inayorudi ina habari ambayo taa iliyowaka kwa mara ya kwanza haina. Ukijua inachukua muda gani kurudi baada ya kufutwa, na gari lilikuwa katika hali gani ilipowaka, unakuwa umeukaribia sana ugonjwa kabla hujatoa hata shilingi ya spea.

Kwanza tuelewane kuhusu namba. Namba inayosomwa na mashine haitaji spea iliyokufa. Inataja mahali ambapo kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wanaiita kontroli boksi, imeona kipimo kisichoingia akilini. Chukua P0171, namba ya kawaida sana kwenye magari yetu. Maana yake ni kwamba injini inapata hewa nyingi mno ikilinganishwa na petroli. Aliyepeleka habari hiyo ni sensa ya oksijeni iliyofungwa kwenye eksozi. Ukiing'oa na kuweka mpya kwa sababu tu ndiyo iliyolalamika, umemfukuza mlinzi aliyepiga kelele na mwizi bado yumo ndani.

Kompyuta ina namna mbili za kukamata makosa. Kuna makosa ya umeme: waya umekatika, soketi imeachia, hita iliyo ndani ya sensa imeungua. Hayo huonekana mara tu unapowasha swichi au muda mfupi baada ya injini kuwaka, na mara nyingi taa haikawii. Halafu kuna makosa ya utendaji: mchanganyiko wa hewa na petroli hauko sawa, injini inachelewa kupata joto, katalisti haisafishi moshi. Kwa makosa mengi ya kundi hili kompyuta haiwashi taa papo hapo. Huiweka kwanza namba ikiwa inasubiri, kisha huangalia safari inayofuata. Kosa likijirudia, ndipo taa inawaka. Na safari hapa si kutoka Dar kwenda Dodoma. Ni kuwasha injini, kuendesha kwa hali inayoruhusu kipimo husika kufanyika, na kuzima.

Sasa tazama jinsi muda unavyosema. Taa iliyofutwa na kurudi kabla hujatoka getini inakuelekeza kwenye umeme: fyuzi, soketi, waya, hita ya sensa. Iliyorudi siku ya pili au ya tatu ya matumizi ya kawaida inaelekeza kwenye utendaji, na kosa hilo liko pale kila siku. Iliyokaa wiki nzima kisha ikawaka unapanda mlima wa Kitonga, au asubuhi ya baridi Njombe, au siku moja baada ya kujaza mafuta kwenye kituo usichokizoea, inahitaji hali fulani ili ijitokeze. Hali hiyo ndiyo ya kuchunguza.

Ikizima yenyewe nako usisherehekee. Kompyuta huizima taa baada ya safari tatu mfululizo ambazo kosa halikuonekana, lakini namba hubaki kwenye kumbukumbu hadi injini ipoe na kupata joto tena mara 40 hivi bila kosa kurudi. Kwa hiyo gari lisilo na taa linaweza kuwa na historia nzima ndani yake.

Ndiyo maana namba haifutwi kabla haijaandikwa. Pamoja nayo kuna kitu ambacho watu wengi hawakiulizii: kompyuta ilipowasha taa, ilihifadhi picha ya hali ya gari wakati ule. Mwendo ulikuwa kilomita ngapi kwa saa, injini ilikuwa inazunguka mara ngapi kwa dakika, maji yalikuwa na joto gani, injini ilikuwa imebeba mzigo kiasi gani, kompyuta ilikuwa inaongeza au kupunguza petroli kwa asilimia ngapi. Fundi anayefuta bila kuandika haya amefuta ushahidi. Piga picha kioo cha mashine kwa simu yako. Andika kilomita za gari siku ya kufuta na kilomita za siku taa iliporudi, mvua au jua, barabara gani, tanki lilikuwa na mafuta kiasi gani. Ukifanya hivyo mara mbili au tatu utaanza kuona mpangilio.

Kifaa cha kusoma si lazima kiwe cha gereji kubwa. Vipo vidogo vya kuchomeka kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani, aina ya ELM327, vinavyoongea na simu kwa Bluetooth kupitia programu kama Torque. Vingi sokoni ni bandia, na baadhi ya magari ya Japani ya zamani hayakubali kuongea navyo kabisa, kwa hiyo jaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina njia yake. Ndani ya boneti kuna kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unaunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu mwako wa taa. Ikimulika mara mbili, ikapumzika kidogo, ikamulika mara tano, hiyo ni 25, nayo ni malalamiko yaleyale ya hewa kuzidi. Ikimulika mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna namba iliyohifadhiwa. Soma vizuri majina ya matundu. Ukiunganisha mawili yasiyohusika unaweza kuunguza kitu.

Turudi kwenye P0171, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea na ndipo vipimo vinasaidia kuliko mahali pengine. Petroli huungua vizuri kwa uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta. Kompyuta inapoona hewa imezidi, huongeza petroli kidogo kidogo, na kiasi cha nyongeza hiyo kinasomeka kwenye kifaa chako kwa asilimia. Kuna marekebisho ya muda mfupi yanayocheza kila sekunde, na ya muda mrefu ambayo kompyuta imeshayazoea. Yakiwa kati ya 10 chini ya sifuri na 10 juu yake, gari halina neno. Yakipita 20 juu, kompyuta inahangaika, na ikikaribia mwisho wa uwezo wake wa kuongeza ndipo taa inawaka.

Kipimo chenyewe ni hiki. Injini ipate joto lake kamili, kiyoyozi kizimwe. Soma asilimia injini ikinguruma bila kukanyagwa. Kisha kanyaga mafuta taratibu hadi ifike mizunguko 2,500, ishikilie hapo kama nusu dakika na usome tena. Kama ilikuwa juu sana wakati wa kunguruma kisha ikashuka karibu na kawaida ulipokanyaga, kuna mahali hewa inaingia baada ya kupita sensa ya hewa. Tundu ni lilelile, ila injini inapovuta hewa kidogo, hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya yote, na inapovuta nyingi haihesabiki. Kama ni kinyume, yaani kunguruma hakuna shida ila asilimia inapanda kadiri gari linavyobeba mzigo, basi petroli haifiki ya kutosha au sensa ya hewa inapima pungufu. Hapo angalia pampu, chujio la mafuta, nozeli, na uchafu kwenye sensa ya hewa. Haya ni kwa magari yanayopima hewa inayoingia. Honda nyingi hutumia sensa ya mgandamizo, na kwao hewa ya wizi hujionyesha zaidi kwa injini kunguruma juu kuliko kawaida.

Ukishajua ni hewa ya wizi, anza na ule mpira mweusi wenye mikunjo unaotoka kwenye boksi la chujio la hewa kwenda kwenye injini. Kwenye gari la 2003 mpira huo umekaa juu ya joto kwa zaidi ya miaka 20. Ukiutazama kutoka juu unaonekana mzima. Legeza klipu zote mbili, utoe kabisa, upeleke kwenye mwanga, kisha ukunje kama unayeufungua mkunjo mmoja baada ya mwingine. Ufa hukaa chini, kwenye bonde la mkunjo, upande usioonekana, na hufunguka pale tu injini inapotingishika unapokanyaga mafuta. Ndiyo maana gari hupimwa limesimama gereji likaonekana halina tatizo, na taa ikawaka njiani. Baada ya mpira huo angalia kijimpira cha kupitishia mvuke kutoka kwenye kava la injini, bomba la mpira linalokwenda kwenye sevo ya breki, na gasketi ya manifodi ya hewa.

Kutafuta tundu dogo, mafundi wengi hunyunyiza petroli au dawa ya kusafishia kabureta karibu na maungio na kusikiliza kama mlio wa injini unabadilika. Kwa kweli naogopa njia hiyo. Eksozi iko jirani na ina moto wa kutosha kuwasha mvuke wa petroli. Tumia chupa ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, yenye maji ya kawaida, ukinyunyiza kidogo kidogo na kukaa mbali na soketi na koili. Maji yakivutwa kwenye tundu, mlio hubadilika kwa sekunde moja au mbili. Inatosha.

Sensa ya hewa yenyewe mara nyingi haijafa, imechafuka. Ina kiwaya chembamba kinachopashwa moto, na vumbi likikigandia husema uongo. Isafishe kwa dawa yake maalumu ya kupuliza na uiache ikauke. Usiiguse kwa pamba, usiioshe kwa petroli, usiipulizie upepo wa kompresa. Kisha ujiulize vumbi limepitaje. Chujio la hewa likishapulizwa kwa kompresa kila sevisi, karatasi yake huchanika vitundu visivyoonekana kwa jicho la haraka. Kwa anayeishi kwenye barabara ya vumbi, chujio jipya ni nafuu kuliko yote yanayofuata.

Namba za kumisi ni habari nyingine, na zina dharura yake. Taa ikiwaka na kutulia, kwa kawaida unaweza kufika nyumbani na kupanga siku ya gereji. Ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, inasema injini inamisi kiasi cha kuharibu katalisti. Petroli isiyoungua inatoka kwenye silinda na kwenda kuungulia ndani ya eksozi. Ondoa mguu kwenye mafuta, punguza mwendo, tafuta pa kusimama, na usiegeshe juu ya majani makavu.

P0301 hadi P0304 zinataja silinda inayomisi. P0300 inasema kumisi kunahama hama. Kwenye Toyota nyingi za silinda nne silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mkanda wa altaneta. Zikiwa koili ziko juu ya kila plagi, kama kwenye Vitz na IST, una kipimo cha bure. Tuseme namba ni P0301. Hamishia koili ya silinda ya kwanza kwenye ya tatu, na ya tatu ilete kwenye ya kwanza. Andika, futa namba, endesha. Namba ikirudi kuwa P0303, kosa limehama na koili, nunua koili moja tu. Ikibaki P0301, koili haina hatia. Rudia kwa plagi, na ikibaki tena palepale, hamia kwenye nozeli na kipimo cha kompresheni. Kuhamisha koili na plagi kunahitaji spana ya 10 na sokoti ya plagi tu. Nashangaa bado kuna watu wanauziwa koili nne kwa mpigo bila mtu kuhamisha hata moja.

Unapoichomoa koili, itazame. Shingo yake ya mpira ikitoka imelowa oili, gasketi ya kava la injini imechoka na oili inashuka kwenye shimo la plagi, na koili mpya italoweshwa vilevile. Ukikuta kutu au alama nyeupe za maji, mara nyingi ni kazi ya kuosha injini kwa mashine ya presha. Gari linatoka kuoshwa liking'aa, jioni linamisi, siku mbili baadaye limepona lenyewe, na mwenye gari anahangaika kutafuta sensa. Kama taa yako hurudi baada ya kuosha au baada ya mvua kubwa, usitafute mbali. Puliza mashimo yale yakauke kabla ya kuchomoa plagi, ili maji yasiingie ndani ya silinda.

Plagi feki ni nyingi, na boksi lenye jina kubwa halithibitishi kitu. Plagi halisi ya iridiamu ina ncha nyembamba kama ya sindano na inaweza kufika kilomita 100,000. Ya kawaida huchoka baada ya 20,000 au 30,000. Ukiuziwa ya iridiamu kwa bei ya ile ya kawaida, hiyo si iridiamu. Iwe unanunua Gerezani jijini Dar au Kirinyaga Road jijini Nairobi, nenda na plagi ya zamani mkononi ulinganishe namba, urefu wa nyuzi na ncha. Kisha kuna mafuta yenyewe. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini igonge, huchafua plagi na kufanya gari limisi likipanda mlima. Vinasaba vinavyowekwa kwenye mafuta vimesaidia kuwakamata wachanganyaji, lakini wewe una ushahidi wako: risiti ya kituo na tarehe taa iliporudi.

Kuna injini zenye tabia zake, na ni vizuri ujue yako. D-4 za Toyota, zile zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zilizomo kwenye Noah na Voxy nyingi za 2001 hadi 2007, hujaza masizi kwenye njia ya hewa kwa sababu hakuna petroli inayopita pale kuosha vali. Injini hutetemeka, hukosa nguvu, huzimika ukisimama kwenye taa za barabarani. Kusafisha njia hiyo kwa mkono kunasaidia kuliko sensa yoyote. 1ZZ za miaka ya mwanzo hula oili, na oili inayoungua huchafua plagi na kuiua katalisti. X-Trail za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinajulikana kwa sensa za mzunguko wa injini zinazokufa zikipata joto: gari linazimika barabarani, linapoa, linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Sensa hiyo ukiipima asubuhi gari likiwa baridi utaambiwa ni nzima. Ipime ikiwa moto.

P0420 inasema katalisti imechoka. Wengi mnaijua kwa jina la masega. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani, na ndiyo sababu kuna watu wanazunguka gereji kuzinunua. Kabla hujakubali kwamba ya kwako imekufa, kagua eksozi kama inavuja karibu na sensa, maana hewa inayoingia hapo hudanganya kipimo. Kisha tazama sensa ya nyuma kwenye kifaa chako, gari likiwa na joto na mwendo umetulia. Katalisti nzima hufanya volti za nyuma zitulie karibu 0.6 au 0.7. Zikipanda na kushuka haraka haraka kati ya 0.1 na 0.9, katalisti haifanyi kazi, au haipo. Hilo la mwisho lichukulie kwa uzito. Yapo magari mengi yaliyokatwa masega bila mwenye gari kujua, eksozi ikachomelewa tena ikiwa tupu. Gari kama hilo litawasha P0420 daima. Usimruhusu mtu akutolee masega kwa maneno kwamba gari litakuwa jepesi. Moshi utakaotoka utavutwa na watoto wa mtaani kwako, na taa ikishakaa inawaka siku zote hutajua siku inapowaka kwa jambo jingine. Na kama kweli imekufa, tafuta kilichoiua. Injini inayomisi au inayokula oili itaiua na ya pili.

Jambo ninaloliona kila mahali na linaloniumiza ni themostati kutolewa. Sababu inayotolewa ni kwamba nchi yetu ina joto, themostati ni ya nchi za baridi. Si kweli. Themostati haipo kwa ajili ya hali ya hewa ya nje. Ipo kwa ajili ya kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuiweka hapo, na nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Ikitolewa, maji huzunguka kwenye rejeta muda wote, na gari likishika barabara kuu injini hupoa. Kompyuta inaamini gari bado linaamka, inaendelea kuongeza petroli. Gari linakula mafuta, oili inakusanya unyevu, na ikifika P0128 fundi anabadilisha sensa ya joto. Chukua kifaa chako, tazama joto la maji ukiwa mwendo wa 80. Likishuka hadi 70 au chini, umepata jibu. Kuipima themostati ni kazi ya jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji, iweke motoni, itazame. Inapaswa kuanza kufunguka kabla maji hayajachemka, na kujifunga yanapopoa. Kama gari lilikuwa linachemka kabla ya themostati kutolewa, na themostati yenyewe haikuwa imekwama ikiwa imefungwa, tatizo ni rejeta iliyoziba, feni, kifuniko cha rejeta au gasketi ya silinda hedi, na hilo bado linakusubiri.

Kuhusu waya sina mengi, ila yaliyopo yana uzito. Wanaoishi Tanga, Mombasa au Unguja wanajua chumvi ya bahari inavyokula pini za soketi hadi zinageuka kijani. Wengine wana panya. Na magari mengi yamekatwa waya wakati wa kufunga alamu au kifaa cha kulifuatilia gari, kisha yakafungwa kwa tepu tu. Taa inayorudi kwenye matuta au barabara mbovu inaelekeza huko. Injini ikinguruma, soma kipimo cha sensa inayolalamika huku mtu mwingine akitikisa waya wake taratibu, kipande kwa kipande. Kipimo kikiruka, umefika. Pima pia betri. Injini ikiwa imewaka inapaswa kuonyesha kati ya volti 13.5 na 14.5, na waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini uwe safi na umekazwa. Ethi mbovu huleta namba za sensa tatu nne zisizohusiana. Ukiona namba nyingi kwa wakati mmoja, anzia hapo.

Video za Wamarekani husema kaza kifuniko cha tanki. Gari lililouzwa kwa soko la Marekani hupima uvujaji wa mvuke kwenye tanki, na kifuniko kilicholegea huwasha taa. Magari mengi ya Japani tunayoyatumia hayana kipimo hicho. Kaza kifuniko chako, lakini usitegemee kitazima taa.

Likija suala la kununua sensa ya oksijeni kweli, uliza jambo moja dukani. Toyota nyingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina sensa ya mbele ya aina tofauti, inayopima uwiano wa hewa na mafuta kwa upana zaidi. Soketi inaweza kufanana na ile ya kawaida, ila hazibadilishani. Ukifungiwa isiyo yake, taa haitakaa wiki. Nenda na namba ya spea iliyoandikwa kwenye ile ya zamani.

Na fundi tumlipe apime. Wengi wetu tunakataa kulipia saa mbili za kutafuta tatizo, kisha tunalipa bila kinyongo sensa ambayo haikuhitajika. Fundi asiyelipwa kupima atajilipa kwenye spea, na hapo hatumtendei haki hata kidogo. Mpelekee maandishi yako: namba, picha za kioo, kilomita, mazingira. Mwambie, "Fundi, naomba usibadilishe kitu kabla hujanionyesha kipimo, na nitakulipa muda wako hata usipopata." Mafundi wazuri wanaipenda kauli hiyo. Anayekasirika kwa kuulizwa kipimo, mshukuru na uende kwingine.

Anayenunua gari la mkononi naye awashe swichi kabla ya injini. Taa ya cheki injini lazima iwake, kisha izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, huenda imetolewa au imeunganishwa na taa nyingine ili isionekane. Halafu achomeke kifaa aangalie kama vipimo vya ndani vya kompyuta vimekamilika. Vikiwa vingi bado havijakamilika, namba zimefutwa karibuni au betri imetolewa, na baadhi ya magari yataonyesha hata kilomita zilizotembewa tangu kufutwa. Muuzaji aelezee kwa nini.

Ukishatengeneza, usitangaze ushindi kwa sababu taa imezima. Futa namba, endesha siku tatu nne kwa matumizi yako halisi: foleni ya mjini, kilima, barabara kuu, injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Iweke katika hali ileile iliyokuwa ikiwasha taa. Kama ilikuwa Kitonga, pandisha Kitonga. Baada ya hapo soma namba zinazosubiri, si zile zilizowasha taa tu, na soma asilimia za petroli injini ikinguruma na ikiwa kwenye 2,500. Asilimia zikiwa zimerudi ndani ya 10, hakuna namba inayosubiri na vipimo vya kompyuta vimekamilika, kazi imekwisha. Ikiwepo inayosubiri na ni ileile ya mwanzo, hujatengeneza bado. Andika kilomita, na usinunue kitu siku hiyo.